Kikanyagio cha Besi na Redio ya Bi Nimwaka

Harufu ya lehemu ikiyeyuka haifanani na harufu nyingine niijuayo. Ndani yake mna utomvu unaoungua, mna bati, mna kitu kinachokwaruza koo kidogo kisha kikakuacha na hamu ya kunusa tena. Mwaka ule, nyumbani kwa Mjomba Rashidi hapa Msambweni, harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa makaa ya vifuu, kwa kuwa umeme haukuwa umefika mtaani kwetu na chuma cha kulehemia tulikipasha moto kwenye seredani, kama wengine walivyopasha pasi. Mtu alitakiwa awe na mikono myepesi. Chuma kikitoka motoni kilitosha kuunga viungo viwili au vitatu, kisha kikapoa, nawe ukakirudisha na kungoja. Kungoja huko ndiko kulikonishinda. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na sikujua kutulia; nilikaa kila mahali kama niliyekalia siafu. Nikingoja chuma nilihesabu boriti za baraza, nikazihesabu tena kutoka mwisho, nikainuka kwenda kunywa maji nisiyokuwa na kiu nayo.

Naandika haya kutoka katika madaftari yangu na kutoka kichwani, na kichwa changu si cha kuaminiwa sana. Shule yangu iliishia darasa la saba. Madaftari ya mwaka ule yamebaki mawili, la tatu lililiwa na mchwa, kwa hivyo mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, wakati watu wazima walikuwa bado wakisema "sasa ni yetu" hata wakionyesha daraja bovu. Mjomba Rashidi, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa redio. Kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kutembelewa sikukuu tu. Mtoto wa dada ni wake, na mama aliponileta nikae kwake nisome, hapana aliyeuliza kwa nini. Mjomba alifanyia kazi barazani. Mbele yake palikuwa na meza, na nyuma yake palikuwa na rundo la redio zilizokufa, ambazo wenyewe walizisahau au walikata tamaa nazo. Rundo hilo alituachia mimi na bintiye Mwanatumu, aliyenizidi miaka mitatu. Mimi nilikuwa na vidole, yeye alikuwa na mdomo. Nasema hivyo bila ubaya, na mwenyewe akisoma atacheka.

Kikanyagio kililetwa na Daudi. Huyu alikuwa kijana wa Kitaita aliyepiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli moja ya Diani, na kila Jumanne, siku yake ya mapumziko, alikuja Msambweni kwa baiskeli kwa sababu mchumba wake alikuwa muuguzi hospitalini. Siku moja akaweka mezani kisanduku cha chuma, kizito kama tofali, chenye kitufe juu cha kukanyagwa kwa kiatu. Alieleza kuwa mgeni mmoja wa Kizungu alikiacha hotelini kilipoharibika. Unachomeka gitaa upande huu na spika upande ule, ukikanyaga kitufe sauti inaota makwaruzo, inanguruma. Ukikanyaga tena inarudi ilivyokuwa. Mjomba alicheka. Alisema wazungu wamehangaika miaka yote kuondoa makwaruzo kwenye redio, na sasa wameanza kuyauza. Akakifungua. Ndani hamkuwa na jambo kubwa: transista mbili, vikorokoro vichache vyenye mistari ya rangi, na waya mmoja ulioachia. Wakati anaulehemu ule waya, mimi nilinakili njia za nyaya zote kwenye daftari la hesabu. Ukurasa ule ninao. Una makosa mawili, na yote mawili ni yangu.

Chetu cha kwanza tulikitia ndani ya kopo la sigara. Vitu vyote vilitoka kwenye rundo: transista, nyaya, hata kitufe, ambacho kilikuwa swichi ya taa ya mezani na ambacho kilitaka kukanyagwa kwa kisigino na kwa hasira. Daudi alichomeka besi yake kupitia kopo letu hadi kwenye spika ya majaribio ya Mjomba, iliyokula betri ya gari. Sauti iliyotoka ilikuwa na makwaruzo, hilo hapana awezaye kulikataa, lakini ilikuwa nyembamba, imekonda, haina tumbo. Daudi akatazama spika, akatazama kopo, akauliza, "Besi imekwenda wapi? Huyu ni mbu." Mwanatumu akamjibu kuwa mbu naye ana nguvu, amuulize aliyelala bila chandarua. Mimi sikucheka. Kwa siku kumi na moja, daftari linasema hivyo, niliunga na kuungua bila kujua nimekosea wapi, hadi Mjomba aliponipitia nyuma akaona, akasema maneno machache tu: nyuzi nene zinataka mlango mpana. Nikatoa kapasita, ndiyo mlango wa sauti wenyewe, iliyokuwa ndogo kama mbegu ya papai, nikatia moja kubwa kama kidole gumba. Daudi alipovuta uzi wa chini kabisa, vikombe vilitetemeka kwenye kabati la mke wa Mjomba, na kuku wa jirani wakahama uani. Ilikuwa sauti kama fahali anayenguruma ndani ya pipa. Tukakipa kikanyagio jina la mkwaruzo.

Hapo ndipo biashara ilipoanza, kama ni haki kuiita biashara. Pesa hazikuwamo. Tulibadilishana tu. Pwani ya kusini wakati ule kulikuwa na watu wa besi wachache, lakini walijuana wote, maana kila bendi ya harusi ilitaka mmoja na kila mmoja aliazima kitu cha mwenziwe. Palikuwa na Fundi Bakari wa Waa, seremala, ambaye alitutengenezea visanduku vya mvule vilivyochongwa vikakaa kama sanduku la mahari, nasi kwa kila visanduku vitatu tukampa mkwaruzo mmoja. Alikuja mwingine na nyuzi zilizotumika, mwingine na spika iliyopasuka, mwingine na redio mbovu tatu. Mwanatumu ndiye aliyesema nao. Alikuwa na tabia ya kuchukua kilicholetwa, akakigeuzageuza, akakirudisha, akamwambia mwenyewe kwa huruma kuwa hakujua kama hali imekuwa ngumu hivyo nyumbani kwake. Watu wakacheka na kuongeza kitu. Mimi nilikuwa sipati raha. Kikanyagio kikishaondoka tu nilianza kukifikiri: kiungo cha pili kilishika vizuri? Ule mwingine ungesikikaje na kapasita kubwa zaidi? Nilitaka kila kimoja kirudi nikifungue. Waswahili husema mchovya asali hachovyi mara moja, na mimi nilikuwa nimechovya mkono hadi kwenye kiwiko.

Siku moja Daudi akatutajia kitu ambacho hatukuthubutu kukiomba. Hotelini kulikuwa na sherehe kubwa Jumamosi iliyofuata, na alitaka mkwaruzo uliotengenezwa kwa ajili ya besi tangu mwanzo, usiokatika wala kuchoka. Tukimpa huo, yeye atatuachia kile kisanduku cha chuma cha Mzungu. Nilikubali kabla Mwanatumu hajafungua kinywa, jambo ambalo alinilaumu kwalo mwezi mzima. Lakini rundo lilikuwa limekwisha. Transista mbili za mkwaruzo lazima zielewane. Moja ikiwa dhaifu sauti hukatikakatika kama mtu mwenye kwikwi. Nilikuwa na moja nzuri. Ya pili kila niliyoijaribu ilikuwa na kwikwi.

Ndipo iliposhuka mezani redio ya Bi Nimwaka. Bi Nimwaka alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mjane, hakujaaliwa mtoto. Redio aliachiwa na marehemu mumewe, na aliivisha kitambaa cha kufuma kama mtu avishavyo mtoto mchanga. Kilichomleta kilikuwa kidogo, waya wa spika umeachia. Mjomba aliulehemu, kisha akaondoka kwenda Mombasa kununua vifaa, akatuambia tumpelekee mwenyewe asubuhi ile. Kabla ya kuifunga nikachungulia ndani. Mlikuwa na transista yenye kofia ya fedha na nukta nyekundu, aina ileile niliyokuwa nikiitafuta. Mwanatumu hadi leo anasema wazo lilikuwa langu. Mimi sikumbuki lilikuwa la nani, na asiyekumbuka asijipendelee, kwa hivyo liandikwe kuwa langu. Niliing'oa. Mahali pake nikatia moja ya zile zenye kwikwi, nikawasha, redio ikazungumza vizuri tu, na baridi ya asubuhi ilikuwa bado haijaondoka barazani. Nikamwambia Mwanatumu kuwa hapana tofauti. Niliamini hivyo, nadhani. Daudi akapata mkwaruzo wake, nasi tukapata kisanduku cha chuma, nikakifuta kwa kanga aliyoniachia mama na kukilaza chini ya kitanda.

Sasa ni lazima nieleze redio ile ilikuwa na maana gani. Kila siku baina ya alasiri na magharibi, wanawake watano wa mtaa wetu walikusanyika jikoni kwa Bi Nimwaka. Mmoja alikuja na nazi zake na mbuzi ya kukunia, mwingine na mchicha wa kuchambua, mwingine na mwana wa kunyonyesha. Walisikiliza salamu za wasikilizaji, na matangazo ya vifo, na taarabu, na juu ya yote walimsikiliza Bi Nimwaka akizijibu salamu za watu asiowajua. Akisikia fulani wa Malindi anamsalimu shemeji yake wa Voi, yeye alieleza kwa nini fulani anajipendekeza. Ulimi wake ulikuwa na makali pande zote mbili. Watu walicheka wakapaliwa. Kwa mtu asiye na mume wala mtoto, saa ile moja ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Redio ilikaa kwenye rafu juu ya mafiga, kwa sababu hapo ndipo waya wa kushika mawimbi ulipopenya kwenye makuti.

Transista dhaifu ina ugonjwa wake: ikipata joto inazama. Nilikuwa sijui. Chungu kikianza kuchemka na mvuke ukapanda kwenye rafu, sauti ya redio ile ilianza kushuka, ikashuka, kama mtu anayeteremka kisimani huku anasema. Mara ya kwanza walidhani ni mawe ya redio, yaani betri, yamekwisha. Bi Nimwaka akanunua mapya. Ikazama tena. Akairudisha kwa Mjomba, Mjomba akaiwasha barazani kwenye upepo, ikaimba mchana kutwa. Akamwambia, kwa adabu, kuwa haina kitu. Siku ya pili aliirudisha tena na ikaimba tena, na safari hii Mjomba hakuweza kuficha tabasamu, na Bi Nimwaka akaliona. Aliichukua redio yake akasema kuwa Rashidi siku hizi mikono yake iko Mombasa, na maneno hayo yakatembea mtaani. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Wanawake hawakuondoka siku moja. Kwanza alikosekana mmoja, akasema mwana ana homa. Kisha wawili. Jirani mwingine, Bi Mwanaisha, mwanawe aliyefanya kazi Mombasa alikuwa amemletea redio mpya, na haukupita muda nazi zote za mtaa zikawa zinakuniwa kwa Bi Mwanaisha. Nitaje pia, ili niwe mwadilifu, kwamba mvua za vuli zilianza siku zile na jiko la Bi Nimwaka lilivuja, na kwamba redio mpya ni redio mpya. Labda wangeondoka hata kama nisingegusa kitu. Nimelifikiri hilo mara nyingi na kila mara ninapolifikiri naona linanifaa mno. Jambo jingine lililojulikana na wote ni kuwa Bi Nimwaka na Bi Mwanaisha walikuwa hawasemezani kwa miaka, tangu harusi moja ambapo Bi Mwanaisha aliazima sufuria ya mwenziwe akairudisha imebonyea, na Bi Nimwaka akasema neno juu ya sufuria hiyo na mwenye kuipikia ambalo sitaliandika.

Jumanne iliyofuata nilimngojea Daudi njiani, sikuweza kumngojea barazani. Nilimwomba anirudishie mkwaruzo. Aliona haya. Shingo ya gitaa lake ilivunjika baada ya sherehe, Fundi Bakari akaitengeneza, na mkwaruzo ndio uliokuwa malipo. Hivyo ndivyo tulivyowazoesha sisi wenyewe, kitu kisikae mahali. Kuanzia saa ile sikula vizuri. Nilimweleza Mwanatumu yote, naye akaenda kwa baba yake akajitolea kwa sauti tamu kuwa ile redio ya karani wa Kwale iliyokwisha tengenezwa tunaweza kuipeleka sisi, kwani shule imefungwa. Mjomba alikubali. Akatuombea nafasi kwenye lori la nazi lililokuwa likienda Likoni. Mimi nilichukua kile kisanduku cha chuma, nikakifunga kwenye leso.

Waa tuliteremka tukamkuta Fundi Bakari anapiga randa, maranda yamemfika magotini. Alitukaribisha, akatuitia madafu, akauliza hali ya kila mtu hadi mbuzi wa mke wa Mjomba. Mimi nilikuwa natoka jasho. Mwishowe akasema mkwaruzo ule alimpa Mwalimu Nyamawi wa Kwale juma lililopita, kwa nyuzi mpya. Mwanatumu akamwambia, "Fundi, wewe kitu hakikai kwako hata kipate vumbi?" Akajibu kuwa vumbi analo lake la kutosha. Tukapanda Kwale kwa miguu hadi njia panda, kisha juu ya gari la mahindi, na mlima ule ulikuwa mrefu kuliko nilivyowahi kuuona.

Redio ya karani tuliikabidhi kwanza. Mwalimu Nyamawi alikuwa Mduruma, mrefu, mpole, na alipiga besi kanisani Jumapili na ngomani Jumamosi, hakuona ubaya katika hilo. Kabla sijasema nilichofuata, aliposikia kuwa mimi ndiye niliyeulehemu ule mkwaruzo, alileta gitaa ili nisikie. Nilikuwa sijawahi kukisikia kikanyagio changu kikipigwa na mtu anayejua kungoja. Daudi alipiga haraka. Mwalimu aliupiga uzi mmoja akauacha. Sauti ikajaa chumbani taratibu, nene, yenye makwaruzo mepesi juu yake kama mchanga juu ya ngozi, ikakaa, ikakaa, hadi ikafa yenyewe bila kukatika. Hicho ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote nilivyotengeneza, kabla na baada. Nikamwambia nimekuja kukitoa moyo. Nilimweleza kwa nini, sikumficha kitu, na nikafungua leso nikamwekea kisanduku cha chuma mbele yake. Alishangaa. Akaniuliza, "Uniachie kizima cha Uingereza, uchukue kidude kimoja kama punje ya hindi?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema kuwa haoni kama ni sawa kwangu. Nikamwambia haki yangu haimo katika jambo hili. Alituazima chuma cha kulehemia, nikaitoa ile transista yenye nukta nyekundu, nikaitia kwenye kibiriti pamoja na pamba.

Tuliwasili Msambweni siku ya pili yake. Ilikuwa imebaki siku mbili au tatu mfungo uandame, wakati ambapo watu kwetu huzungukiana kuombana radhi, ili mtu asiingie katika Ramadhani na chuki ya mwenziwe. Kwa kawaida hupitia tu, maneno ya mlangoni, nisamehe nami nimekusamehe. Lakini tulipokuwa tukishuka njiani tulimwona Bi Nimwaka amejitanda leso mpya, amesimama mlangoni kwa Bi Mwanaisha. Hakuwa anapitia. Alikuwa amekwisha zunguka nyumba tano, kila nyumba akataja kosa lake kwa jina: neno hili siku ile, mzaha ule mbele ya watu. Na sasa alikuwa kwenye ya sita. Nilisikia akisema, wala hakupunguza sauti, "Mwanaisha, ulimi wangu umenifukuzia watu wote. Nilianza na wewe. Nisamehe." Bi Mwanaisha alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja. Kisha akamvuta ndani kwa kiganja. Mimi nilikuwa na kibiriti mfukoni, na nilikishika kwa nguvu hadi kikabonyea.

Asubuhi yake nilipiga hodi kwa Bi Nimwaka, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba redio niisafishe. Alinipa bila kuniangalia. Niliifungulia palepale uani, nikapasha chuma kwenye mafiga yake, nikairudisha transista mahali pake. Kisha nikaipandisha kwenye rafu, nikachochea moto, nikangoja maji yachemke. Safari hiyo niliweza kungoja. Mvuke ulipanda na redio haikushuka hata kidogo. Ilijaza jiko lile tupu kwa sauti ya mtu anayetangaza bei za korosho. Bi Nimwaka aliinua kichwa kutoka kwenye ungo wa mchele. "Ipunguze," akasema. "Nina wasikilizaji gani?"

Nikamwambia. Nilianza na Daudi nikamaliza na Kwale, na nadhani nilikuwa nalia, ingawa daftari halisemi. Aliendelea kupepeta. Alitoa chuya moja, akaitupa, akatoa nyingine. Nilimtazamia anipige, na ningefurahi angenipiga. Baadaye akasema, "Sasa zile radhi nilizoomba nyumba sita, utanirudishia wewe?"

Nikasema nitakwenda nyumba zote sita leo hii, nieleze kuwa ni mimi. Nilikuwa nimekwisha inuka. Hapo ndipo aliponishika mkono, na mkono wake ulikuwa na unga wa mchele.

"Kaa. Hujui kukaa wewe? Ukiwaambia ni redio, Mwanaisha atasema basi Nimwaka hakunyenyekea, aliponzwa na waya. Atanirudishia radhi yangu kama alivyorudisha sufuria. Jana nimekula kwake. Miaka yote hii sijala kwake." Akauvuta tena ungo wake. "Rashidi mwambie, maana nilimsema vibaya. Wengine wote, fumba mdomo." Nikamwahidi.

Mjomba nilimwambia siku hiyohiyo. Hakunipigia kelele. Alisema kuwa kuanzia kesho chuma changu kitafanya kazi mezani kwake, mbele ya macho yake, kwenye redio za watu, na kila nitakachokitoa ndani ya redio ya mtu nitamwonyesha kwenye kiganja. Mikwaruzo ikaishia hapo. Ufundi wa redio nikaufanya hadi nikazeeka nao. Kati ya wale wanawake watano, wawili walirudi kwa Bi Nimwaka kabla ya Idi, watatu hawakurudi, na Bi Mwanaisha alikuja siku ambazo Bi Nimwaka hakwenda kwake. Nilikuwa nikipita naona nazi zinakuniwa, naingia, nasikiliza salamu. Bi Nimwaka aliwajibu wale watu wa Malindi na Voi kwa ukali uleule, ila kila alipomaliza aliwatupia jicho waliokuwapo, mmoja mmoja, kama anayetaka kujua kama amekwenda mbali. Zamani hakuwa akitazama. Hilo nalo ni mimi niliyelitia pale.

Sasa mjukuu wa Mwanatumu anapiga besi katika hoteli za Diani. Ana ubao wa vikanyagio vinane, vyote ameviagiza kwa simu, vimeletwa Ukunda vikiwa ndani ya maboksi. Amewahi kuniletea kimoja nikifungue. Ndani mlikuwa na vitu vidogo kama ufuta, vimebanwa hapana pa kupitisha koleo. Hata ningetaka kuiba nisingejua niibe nini. Nikamrudishia. Vyake ni vizuri kuliko vyangu, nasema kweli, ingawa kile cha Kwale sina cha kukipima nacho. Na redio kila mtu anayo mfukoni, na kila mmoja ana vidude vyake masikioni, kwa hivyo siku hizi hapana wa kukimbiwa jikoni. Sijui kama hiyo ni nafuu. Yeye Bi Nimwaka alijua siku zilezile watu walipomhama, akaweza kufanya jambo.

Ningekaa kimya kama nilivyoahidi. Lakini juzi, kwenye harusi hapa Msambweni, nilimsikia mama mmoja kijana, wa ukoo wa Bi Mwanaisha, akimwonya bintiye aliyekuwa akiwatania watu. "Utakuja kuwa kama Bi Nimwaka," alimwambia, "aliyehamwa na mtaa mzima kwa mdomo wake, akazunguka kuomba radhi uzeeni." Wote mezani walijua kisa hicho. Kumbe kimekuwa mfano. Nilirudi nyumbani sikuweza kuketi. Nilitafuta madaftari yale mawili nikayasoma nimesimama. Aliponifumba mdomo alikuwa akilinda kusemezana kwao wawili, na wawili hao wamekwisha lala kwenye makaburi yaliyo karibu, nimeyaona, na wale watano wametangulia pia. Huenda bado navunja ahadi. Kama navunja, na anidai siku atakayonikuta. Ulimi wake ulikuwa mkali, nami umenikata zaidi ya mara moja. Lakini jiko lake halikuhamwa kwa ulimi. Lilihamwa kwa sababu asubuhi moja mimi, Mwanamisi, nilifungua redio ya mjane na kutoa kilichokuwa kizima ndani yake, kwa kuwa nilitaka besi ingurume.